Kinundu cha Plasta

Karakana ya miguu bandia ilikuwa nyuma ya hospitali, mkabala na chumba cha kufulia mashuka, na katika familia yetu mimi ndiye niliyeigundua. Nalitanguliza hili kwa sababu kwa wiki sita sikuwa na wazo jingine kichwani. Mimi ndiye niliyeigundua.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka mmoja uliopita, shahada ya sayansi ya viumbe, na sikuwa na kazi. Wengine waliniambia nifundishe, wengine niuze dawa. Mimi nilitaka kazi ambayo jioni ningeweza kumwonyesha mtu mmoja na kusema, huyu ameondoka kwangu akiwa na nafuu kuliko alivyokuja. Mdogo wangu alinicheka. Yeye alikuwa msusi katika saluni ya mtaani kwetu. Aliacha shule kidato cha pili, na jioni alirudi vidole vimekakamaa akasema watu saba wameondoka kwake wazuri kuliko walivyokuja, na hakuna aliyempigia makofi.

Jumapili moja nilimketisha mezani, nikageuza kalenda ya mwaka uliopita, nikaandika nyuma yake mpango wa kubadili kazi. Wangu, na wake pia, kwa sababu nilimhurumia. Kwanza, andika kila kitu ambacho mikono yako inakiweza, hata kama hakuna anayekithamini. Pili, isogelee kazi unayoitaka kwa mlango wowote ulio wazi, hata wa kufagia. Tatu, ukishafika karibu usiombe kazi, omba kujaribiwa.

"Dada, huu ni mkakati au mapishi?"

"Jaza hapo pa kwanza. Unaweza nini?"

Akafikiri huku akinyonga vidole vyake kimoja kimoja. "Najua kichwa cha mtu kinauma wapi kabla hajasema."

"Hiyo si kazi."

"Wewe andika tu."

Nikaandika, ili asinune.

Mimi nilifuata mpango wangu hatua kwa hatua. Mlango uliokuwa wazi karakanani ulikuwa wa kuandika kadi za wagonjwa. Fundi mkuu, mtu mkimya mwenye miwani iliyojaa vumbi jeupe, alinikubalia nijitolee. Kila mwaka alichukua mwanafunzi mmoja, mmoja tu, na kumfundisha mpaka awe fundi kamili. Kwa miezi mitatu niliketi kwenye meza ya mlangoni nikisubiri mwaka ugeuke. Waliniita Msomi. Kijana wa kuunganisha miguu, ambaye kila mtu alimwita Kaka Gundi kwa sababu mikono yake haikukosa gundi hata kwenye harusi, alinihakikishia.

"Nafasi ni yako, Msomi. Labda litokee jini."

Jini likatokea, limebeba chakula changu cha mchana.

Nilikuwa nimekisahau nyumbani na mdogo wangu akaniletea. Siku hiyo alikuwepo mzee mmoja aliyekatwa mguu chini ya goti, na Kaka Gundi alikuwa akihangaika kumvisha soksi kwenye kigutu. Kila akivuta, mzee anamsukuma mkono. Mdogo wangu alisimama na kile kikapu dakika moja, kisha akasema, "Baba, samahani, wanaanzia upande wenye maumivu. Nijaribu?" Akapiga magoti, akaikunja soksi, akaipandisha kutokea upande wa pili, kidole gumba kikitangulia kama anatafuta mstari wa nywele. Mzee hata hakushtuka. Aliendelea kutazama dirishani.

Fundi akavua miwani. "Binti, umejifunzia wapi?"

"Saluni."

Fundi akacheka. Miezi mitatu yote sikuwahi kuyaona meno yake.

Wiki iliyofuata akampa majaribio ya wiki sita. Akifaulu, nafasi ya mwanafunzi ni yake.

"Dada, ukisema nisiende, siendi," mdogo wangu aliniambia jikoni.

"Niseme hivyo kwa nini? Nenda." Nilikuwa nakata vitunguu, nikamshukuru Mungu kwa vitunguu.

Mama akaitikia kutoka sebuleni, "Baraka ikiingia nyumbani, wanangu, haiulizwi imepitia kwa nani."

"Kweli, Mama," nikasema, na roho ikaniuma mpaka kwenye meno.

Watu husema mwenye wivu ajinyonge, kana kwamba mwenye wivu hana shughuli nyingine. Mimi nilikuwa naandika kadi. Kutoka mezani kwangu niliiona karakana yote, na niliiona kwa jicho la mtu anayetafuta kosa. Niliona mdogo wangu anavyoacha maganda ya plasta sakafuni. Niliona Fundi anavyomwita "Msusi" kwa sauti laini, ilhali mimi aliniita "Msomi" kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha. Siku moja nilihesabu: alimwita mara kumi na nne, mimi mara mbili, na moja ilikuwa kuniomba kalamu. Nyumbani mdogo wangu aliniuliza majina ya mifupa, akayakosea yote, akacheka. Mimi nilikuwa nayajua kwa Kilatini. Nilijiuliza kila usiku kabla ya usingizi: kama dunia haimchukui anayejua, inamchukua nani?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa anafungwa bandeji zenye plasta kwenye kigutu, zikikauka zinavuliwa, linabaki ganda. Ganda linajazwa plasta nyingine, linavunjwa, na kinachobaki ni umbo jeupe la kigutu chenyewe, zito, limebanwa kwenye jiliwa. Hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Analichonga kwa tupa, anapunguza hapa, anaongeza pale. Kisha plastiki ya moto inavutwa juu yake, inapoa, na plasta ya ndani inagongwa mpaka itoke vipande vipande. Kinachopatikana ni kikombe ambacho mgonjwa ataingiza mguu wake. Fundi alikuwa na sheria moja. Aliyechonga umbo ndiye atakayepiga magoti mbele ya mgonjwa siku ya kujaribu mguu, na ndiye atakayeuvua. "Ukichonga ovyo," alisema, "utaona kwa macho yako ulichomfanyia mtu."

Umbo la mwisho la majaribio ya mdogo wangu lilikuwa la Mwalimu. Huyu alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa hesabu, aliyepoteza mguu kwa ugonjwa wa sukari. Alikuja kupimwa amevaa vizuri, na chaki kwenye mkoba.

"Nafundisha nimeketi," alituambia. "Lakini mtoto wa dawati la nyuma haamini hesabu za mtu aliyekaa. Nataka kusimama kipindi kimoja. Dakika arobaini. Zaidi ya hapo siombi."

Mdogo wangu alilichonga umbo lile siku tatu. Jumatano mchana wote walitoka kwenda kula, nikabaki mimi na kadi zangu. Sikuwa na nia yoyote, naapa. Niliinuka kulitazama tu.

Lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililonichoma. Lilikuwa laini kama yai, isipokuwa upande wa nje, chini kidogo ya goti, ambako palikuwa na kinundu kama nusu ya ndimu. Nikafurahi. Nikasema moyoni, tazama kazi ya mtu asiyemaliza shule, ameacha donge la plasta hapo na wala hajaliona. Tupa ilikuwa kando. Nikaishika. Niliipitisha mara saba au nane, vumbi likamwagika kwenye viatu vyangu, kisha nikachukua msasa nikasawazisha mpaka kiganja changu kikateleza bila kukwama. Sikutaka kuharibu. Nilitaka Fundi arudi, apitishe mkono wake pale, aulize, ni nani aliyelainisha hivi? Nilikuwa na jibu tayari, na hata tabasamu la kulijibia.

Hakuuliza mtu. Walirudi, wagonjwa wakawa wengi, Fundi akaitwa wodini. Mdogo wangu na Kaka Gundi wakatoa plastiki kwenye oveni mbio mbio, maana ikipoa haivutiki, wakaivuta juu ya umbo huku wakipigiana kelele. "Kaza! Upande wako! Usinichome!" Nilifunga mdomo. Nilijiambia, akisifiwa nitasema.

Ijumaa Mwalimu alikuja. Alisimama katikati ya vyuma viwili vya kushikia, akaenda, akarudi. Akaachia mkono mmoja. Akaachia wa pili. Kaka Gundi akapiga mluzi.

"Dakika kumi na tano, kisha tunavua tuangalie," alisema Fundi, akaingia ofisini kupokea simu.

Zilipofika kumi na tano, Mwalimu alikuwa amegeukia ukuta na chaki yake, akiandika hesabu za sehemu kwenye ubao wa matangazo. "Mwanangu, niachie kidogo," alimwambia mdogo wangu. "Kipindi bado."

"Kidogo tu, Mwalimu."

Zikafika ishirini na tano. Kisha Mwalimu akaishusha chaki. "Hapa kwa nje panawaka moto," akasema. "Na chini... ajabu, nasikia ganzi kwenye mguu ambao sina."

Mdogo wangu alipiga magoti akauvua. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, palikuwa pekundu kama mdomo uliopakwa rangi, na katikati lengelenge, tayari limepasuka.

Fundi alitoka. Aliingiza kidole gumba ndani ya kikombe akakizungusha polepole. "Msusi. Hapa kuna kichwa cha mfupa, na mshipa wa fahamu unapita juu yake. Hapa huwa tunaongeza plasta ili kikombe kiwe na nafasi. Hukuongeza?"

"Niliongeza, Fundi."

"Basi nafasi iko wapi?"

Hakuweza kumwonyesha. Umbo lilishavunjwa na kufagiwa. Alitazama mikono yake, na nikaona, nikiwa mezani na kalamu yangu, jinsi anavyoacha kuiamini. "Nilidhani niliongeza," akasema. "Labda nilisahau."

Jina la mfupa ule nalijua. Niliulizwa chuoni kwenye mtihani wa vitendo, nikachora, nikapata alama zote. Ila kule ulikuwa kwenye karatasi, haukuwa na mtu.

"Usilie, mwanangu," Mwalimu alisema. "Wanafunzi wangu hukosea kila siku."

"Wanafunzi wako wakikosea unafuta ubao," Fundi akamjibu kwa upole, kisha akamgeukia mdogo wangu. "Tutakuaga vizuri. Una mikono, lakini mikono inayosahau hapa hapana."

Akaja mpaka mezani kwangu. "Msomi. Jumatatu utaanza wewe."

Siwezi kudanganya: nilifurahi. Furaha ilinijaa mwili mzima, hata masikio yakawa moto. Niliona aproni yangu, jina langu kwenye orodha ya wanafunzi, Mama akiwaambia majirani. Ilidumu muda wa mdogo wangu kuvuka chumba. Alikuwa amevua aproni yake, akaikunja mara mbili, akaniwekea juu ya kadi.

"Ni kubwa kidogo," akasema. "Kaza kamba nyuma." Akajifuta pua kwa kiwiko. "Angalau nafasi imebaki nyumbani."

Alimaanisha. Hapo ndipo niliposhindwa. Kama angenikasirikia, au angenitazama tu kwa kijicho kidogo kama changu, ningeipokea ile aproni na kuivaa mpaka leo.

"Fundi," nikasema, "kinundu kilikuwepo. Nilikisugua mimi."

Wote wakanigeukia.

"Ulikisugua na nini?" akauliza Kaka Gundi, sijui kwa nini.

"Na tupa. Ile ya nusu duara."

"Nilidhani imepotea," akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini?" Fundi aliuliza.

"Nilidhani ni kasoro."

"Sikukuuliza ulidhani nini. Nauliza kwa nini ulishika kazi isiyo yako."

Nilitafuta jibu la msomi, sikulipata. "Kwa sababu ilikuwa ya kwake."

Mdogo wangu alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo kwa mbali. Mwalimu ndiye aliyesema, akiwa bado ameketi na kigutu chake kwenye taulo. "Binti, kumbe mlikuwa mnagombana ndani ya mguu wangu."

Nilipiga magoti mbele yake kuomba radhi. Aliniacha hapo muda mrefu. "Nimekusikia," akasema hatimaye.

"Weka kalamu hapo," Fundi aliniambia. "Usirudi." Kisha kwa mdogo wangu: "Na wewe ulivuta plastiki juu ya umbo ambalo hukulipapasa siku ile. Ungelipapasa, ungejua. Dakika kumi na tano umezifanya ishirini na tano. Wiki sita zinaanza upya Jumatatu."

Njiani kwenda nyumbani alitembea upande wa pili wa barabara. Kwa siku nyingi alizungumza nami yale ya lazima tu: ndoo, mlango, chumvi. Mama alipoambiwa, aliniwekea chakula mbele akasema, "Kula," na hilo neno moja lilikuwa zito kuliko hotuba.

Kulikuwa na tatizo ambalo mimi ndiye niliyemzulia. Mwenye saluni, tuliyemwita Mama Saluni, alikuwa amemwahidi kumtunzia kiti chake kwa wiki sita tu. Sasa zimekuwa kumi na mbili. Kama majaribio ya pili yangeshindikana, mdogo wangu asingekuwa na karakana wala saluni. Nililala na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu nikaenda.

"Unajua kusuka?" Mama Saluni aliniuliza bila kugeuka kutoka kwenye kioo.

"Sijui. Naomba nijaribiwe. Nikishike kiti cha mdogo wangu mpaka amalize."

"Umesomea nini wewe?"

"Viumbe."

"Hao hapa tunao," akasema, na wateja wote wakaangua kicheko. "Haya, shika ufagio."

Nilifagia. Nikaosha vichwa. Wiki ya pili akaniruhusu kufumua, wiki ya tatu kusuka mistari minne ya nyuma, ambako mteja hajioni. Niligundua kwamba kusuka ni kugumu kuliko mitihani yangu yote, na kwamba hakuna anayekusahihisha kwa kalamu nyekundu. Mtu anavuta pumzi kwa meno, basi. Na wivu, ambao nilidhani nimeuacha karakanani, ulikuwa umenifuata. Kila mteja aliyeketi aliuliza, "Mdogo wako harudi?" Mmoja alinifafanulia. "Yule alikuwa na mikono ya pamba. Wewe unasuka kama unafunga mzigo juu ya basi."

"Nitajitahidi, dada yangu," nikamjibu, na kile kitu kilekile kikaniuma kwenye meno. Tofauti ni kwamba sasa nilikijua, na nilikuwa nimeshika kichwa cha mtu. Nilipumua kwanza, ndipo nikaendelea.

Siku ya mwisho ya wiki ya sita ya majaribio yake nilikuwa na yule mteja wa basi na Mama Saluni tu, jua likiwa bado mlangoni, mdogo wangu akaingia. Viwiko vyake vilikuwa vyeupe kwa plasta. Hakunisalimia. Alimwambia Mama Saluni, lakini kwa sauti ya kutosha chumba kizima:

"Mwalimu amesimama dakika arobaini leo. Tumeuvua, hakuna hata wekundu." Akapangusa kiwiko. "Fundi ameniandika. Kiti mpe mwingine, Mama. Ahsante kwa kunitunzia."

Mama Saluni alipiga kigelegele mpaka mteja wangu akaruka. Mimi nilisimama na uzi wa nywele mkononi. Nilifurahi, na furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake, na sikujua niitoe vipi bila mwiba kuonekana.

"Sasa nimpe nani?" Mama Saluni akauliza.

Mdogo wangu akazunguka nyuma ya kiti. Alitazama mistari yangu kwa muda, kichwa ameinamisha, kama Fundi anavyotazama umbo. Akaugusa mmoja kwa kidole gumba.

"Fumua," akaniambia.

"Yote?"

"Mitatu ya hapa. Umevuta sana, kesho atashindwa kulala."

"Nilimwambia!" akasema mteja.

Mdogo wangu akavuta kigoda, akaketi pembeni yangu na vumbi lake lote. "Fumua kwanza, kisha nikuonyeshe," akasema. "Siondoki."

Nikafumua.